Babu Pichani: Jinsi ya Kutambua Askari na Sare katika Picha za Zamani

Katika nyumba nyingi za Taita Taveta kuna picha moja ya zamani inayotunzwa pamoja na hati ya shamba na vyeti vya kuzaliwa. Ndani yake amesimama kijana aliyevaa sare, mikono imenyooka, macho yakitazama kamera. Wazee husema ni babu alipokuwa Keya. Wajukuu wanajua hayo tu. Alikuwa kikosi gani? Alipigana vita vipi? Je, kweli ni babu huyo, au ni nduguye? Nyuma ya picha hakuna kilichoandikwa.

Swali hilo si dogo. Kwenye barabara ya Kenyatta jijini Nairobi kuna mnara wa sanamu tatu za shaba uliojengwa miaka ya 1920 kuwakumbuka Waafrika na Waarabu wa Afrika Mashariki waliotumikia Vita vya Kwanza vya Dunia. Maandishi yake, kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yanaahidi kwamba atakayekufa vitani jina lake litakumbukwa na wanawe. Hata hivyo, hakuna jina hata moja la askari wala mpagazi lililochongwa pale. Kazi ya kukumbuka iliachiwa familia. Kwa familia nyingi, picha iliyo ndani ya sanduku ndiyo mnara pekee zilio nao.

Sare inaweza kueleza mengi: kikosi, cheo, na wakati picha ilipopigwa. Jina haliwezi kulieleza. Jina liko kwa mzee anayeikumbuka sura hiyo, na wazee hao wanazidi kupungua. Makala haya yanaeleza namna mwananchi anavyoweza kusoma picha ya aina hiyo, na hatua za kuchukua ili jina lisipotee.

Kwa nini picha hizi ni nyingi hapa

Eneo la kaunti hii lilikuwa uwanja wa vita. Mnamo Agosti 1914 majeshi ya Wajerumani kutoka Tanzania ya leo yaliiteka Taveta na kuishikilia hadi Machi 1916. Waingereza walijenga reli kutoka Voi kuelekea Maktau na Taveta ili kupeleka askari, maji na chakula. Tarehe 12 Februari 1916 walishambulia kilima cha Salaita na kurudishwa nyuma. Mwezi uliofuata vita vikali vilipiganwa katika vilima vya Latema na Reata, na njia ya kuingia Tanganyika ikafunguka. Makaburi ya kijeshi ya Taveta, Voi na Maktau ni kumbukumbu ya siku hizo.

Kwa sababu hiyo, picha iliyopigwa katika eneo hili wakati huo inaweza kuwa ya mtu wa jeshi lolote kati ya mengi: askari wa King's African Rifles, Mhindi wa kikosi cha Baluchi au Punjab, Mwingereza, Mzungu wa Afrika Kusini, au askari Mwafrika wa jeshi la Wajerumani. Si sahihi kudhani kwamba kila Mwafrika mwenye bunduki pichani alikuwa upande wa Waingereza.

Anza na upande wa nyuma

Kabla ya kuchunguza sura, geuza picha. Nyingi zilichapishwa kwenye karatasi nene ya kadi ya posta ili ziweze kutumwa nyumbani. Kadi ambayo upande wake wa nyuma umegawanywa kwa mstari, kushoto kwa ujumbe na kulia kwa anwani, ni ya mtindo ulioanza Uingereza mwaka wa 1902 na Ujerumani mwaka wa 1905. Muhuri wa studio, ukiwepo, hutaja mji ambako mpiga picha alifanyia kazi.

Stempu ni shahidi mzuri wa tarehe. Stempu zenye maneno ya Afrika Mashariki na Uganda kama himaya za ulinzi zilitumika hadi mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kuanzia 1922 zilisomeka Kenya na Uganda, na kuanzia 1935 Tanganyika ikaongezwa. Sura ya mfalme nayo husaidia. George wa Tano alitawala kuanzia 1910 hadi 1936, George wa Sita kuanzia 1936 hadi 1952, kisha akafuata Malkia Elizabeth. Lakini stempu huonyesha wakati kadi ilipotumwa. Picha yenyewe huenda ilipigwa miaka kadhaa kabla.

Maelezo yaliyochapishwa kwenye kadi za kuuza yachukuliwe kwa tahadhari. Wachapishaji walilenga wanunuzi wa Ulaya, na mara nyingi waliandika tu kwamba huyu ni askari mwenyeji, bila jina, kikosi wala mahali.

Askari gani?

Kiswahili chenyewe kinaweza kupotosha. Neno askari hutumika kwa mwanajeshi, polisi, mlinzi wa gereza, askari wa wanyamapori na hata mlinzi wa lango. Familia inaposema babu alikuwa askari, swali la pili liwe: askari wa nani?

Neno Keya linasaidia zaidi. Lilitokana na herufi KAR, yaani King's African Rifles, jeshi lililoundwa tarehe 1 Januari 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Waingereza vya Afrika ya Kati, Afrika Mashariki na Uganda. Mtu aliyeitwa Keya alikuwa mwanajeshi. Lakini polisi wa kikoloni nao walivaa tarbushi, sweta nzito, kaptula na vitambaa vya kuzungushia miguu, na kwa mbali wanafanana na Keya. Tofauti hupatikana kwenye beji ya kofia na herufi za begani. Beji ya KAR ilikuwa na umbo la baragumu, na nambari ya kikosi ikiwa katikati yake. Kioo cha kukuzia, au kamera ya simu iliyosogezwa karibu kwenye mwanga wa dirisha, hutosha kuisoma.

Nambari hiyo ni muhimu. Katika miaka ya kati ya vita viwili vya dunia na wakati wa Vita vya Pili, vikosi vya 3, 5 na 11 vilikuwa vya Kenya. Cha 4 kilikuwa cha Uganda, cha 6 cha Tanganyika, na cha 1 na 2 vya Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Maandishi kama 2/3 KAR si tarehe wala sehemu ya hesabu. Maana yake ni kikosi cha pili cha rejimenti ya tatu.

Sare za Vita vya Kwanza

Askari wa KAR wa 1914 hadi 1918 huonekana kwa kawaida akiwa na nguo za khaki au sweta ya buluu iliyokoza, kaptula inayofika magotini, na vitambaa vilivyozungushwa kutoka kifundo cha mguu hadi chini ya goti. Wengi walikuwa miguu mitupu au walivaa ndara. Mtu asidhani kwamba kukosa viatu kunaonyesha hakuwa askari kamili. Kabla ya Vita vya Pili hiyo ndiyo iliyokuwa hali ya kawaida. Kichwani alivaa tarbushi kwenye gwaride, na vitani kofia ndogo ya duara yenye kitambaa kinachofunika shingo.

Askari wa jeshi la Wajerumani naye alivaa khaki, vitambaa vya miguu, na kofia yenye kitambaa cha shingo. Hapo ndipo wengi hukosea. Alama ya kutafuta ni tai wa chuma mbele ya kofia, ishara ya dola ya Ujerumani. Bunduki nayo husaidia. Wengi wa askari hao walianza vita na Mauser ya mwaka 1871, isiyo na kisanduku cha risasi. Lee-Enfield ya Waingereza ilikuwa na kisanduku kinachojitokeza mbele ya kifyatulio.

Lakini hata hizo si dalili za kutegemea moja moja. Vita vilipoendelea na ugavi wa Wajerumani kukatika, askari wao walitumia silaha na nguo walizoteka kwa maadui. Kanuni salama ni kutafuta dalili tatu zinazokubaliana kabla ya kutoa uamuzi: kwa mfano kofia, bunduki na mahali picha ilipopigwa.

Kundi kubwa kuliko yote ndilo gumu zaidi kutambua. Wapagazi wa kikosi cha uchukuzi walibeba risasi, chakula na majeruhi kwa miguu. Jina la kikosi hicho kwa Kiingereza, Carrier Corps, ndilo lililozaa Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Mpagazi hakuwa na sare ya kupendeza kamera. Huonekana katika picha za misafara akiwa na blanketi na mzigo, bila beji. Picha ya peke yake studioni ni adimu. Familia isiyo na picha yoyote isione kwamba mtu wake hakuwepo. Mara nyingi kumbukumbu ya mdomo ndiyo yote iliyobaki, na inastahili kuandikwa kwa uangalifu uleule.

Sare za Vita vya Pili

Picha za miaka ya 1940 zina mwonekano mwingine. Askari wa KAR walipigana Ethiopia na Madagaska, kisha Burma, ambayo leo inaitwa Myanmar. Alama yao inayojulikana zaidi ni kofia ya kitambaa kigumu yenye ukingo mpana, mara nyingi umepinda upande mmoja. Viatu vya buti sasa ni vya kawaida.

Tazama pia bega. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka wa 1943 na kupelekwa Burma, ilitumia alama ya kichwa cha kifaru. Divisheni hiyo ilipita Bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa, na mnamo Desemba 1944 ikavuka mto Chindwin. Kikosi cha 11 cha Kenya kilikuwa miongoni mwa vikosi vyake.

Hapa kuna mfano wa namna dalili zinavyofanya kazi. Tuseme familia inaamini kwamba kijana aliye pichani ni babu mkubwa aliyekufa Salaita mwaka wa 1916. Pichani ana kofia ya ukingo mpana, buti, na kichwa cha kifaru begani. Alama hiyo haikuwepo kabla ya 1943, kwa hiyo picha haiwezi kuwa ya mtu aliyekufa 1916. Picha haikumdanganya mtu. Kilichotokea ni kwamba watu wawili wa ukoo mmoja, pengine baba na mwana, wamegeuka kuwa mtu mmoja katika masimulizi. Sare imewatenganisha, na sasa familia ina majina mawili ya kutafuta badala ya moja.

Baada ya 1952 taji kwenye beji na alama za vyeo hubadilika. Taji la wakati wa wafalme lina matao yanayopanda juu kwa mviringo. La wakati wa Malkia Elizabeth lina matao yanayobonyea katikati. Baada ya uhuru mnamo Desemba 1963, vikosi vya 3, 5 na 11 vya KAR vilikuwa vikosi vya Kenya Rifles, na taji likaondoka.

Mitego ya picha yenyewe

Rangi katika picha nyeusi na nyeupe zinaweza kudanganya. Kemikali za zamani hazikuona rangi kama jicho linavyoona. Nyekundu ilitokea karibu nyeusi, na buluu ilitokea hafifu kuliko ilivyokuwa. Kwa hiyo tarbushi inayoonekana nyeusi huenda ilikuwa nyekundu.

Picha inaweza pia kuwa imechapishwa kinyume. Ikiwa maandishi yanasomeka kwa nyuma, au koti la mwanamume limefungwa kulia juu ya kushoto, kila kitu pichani kimegeuzwa. Isitoshe, baadhi ya studio ziliwaazima wateja vifaa vya kupigia picha. Sare isiyomtosha mvaaji ni sababu ya kuuliza maswali zaidi.

Mwisho ni tepe za mkononi. Tepe moja ni lansi koplo, mbili ni koplo, tatu ni sajini. Zinaonyesha cheo cha siku ile tu. Huenda baadaye alipanda, au alishushwa.

Nishani: tazama ukingoni

Kama kuna nishani nyumbani, isisuguliwe kwanza. Isomwe. Nishani za Uingereza za Vita vya Kwanza kwa kawaida ziliandikwa nambari, jina na kikosi cha mwenyewe. Kwenye zile za mviringo maandishi yako ukingoni, na kwenye nyota ya 1914-15 yako nyuma. Kusugua kwa mchanga au majivu kunaweza kufuta jina ambalo limedumu kwa zaidi ya miaka mia moja.

Nyota za Vita vya Pili zina pembe sita, na jina lake huandikwa kwa Kiingereza kuzunguka katikati: nyota ya Afrika, nyota ya Burma, na nyinginezo. Hizi kwa kawaida hazikuandikwa jina la mtu, kwa hiyo zinaonyesha alikotumikia bila kusema alikuwa nani. Inafaa zihifadhiwe pamoja na picha, maana kimoja hueleza kingine.

Jina kwanza, kikosi baadaye

Kazi ya sare inaweza kungoja mwaka mmoja. Kazi ya jina haingoji. Familia yenye picha inashauriwa kufanya yafuatayo:

Kwanza, ipige picha hiyo kwa simu, mbele na nyuma, kwenye mwanga wa mchana usio wa jua kali. Nakala zitumwe kwa ndugu zaidi ya mmoja, ili simu ikipotea picha isipotee nayo.

Pili, nakala ipelekwe kwa wazee wa ukoo na wa kijiji, kila mmoja peke yake. Wakikaa pamoja, wa kwanza kusema huwaongoza wengine. Asiulizwe kama huyu ni babu fulani. Aulizwe huyu ni nani. Aulizwe pia kuhusu kovu, kimo, rika, jina la utani, na mtu waliyeondoka naye kijijini. Majina ya wenzake huweza kuwa njia ya kulifikia lake.

Tatu, majibu yaandikwe siku hiyohiyo: nani alisema, lini, na wapi. Kilicho hakika kitenganishwe na kinachodhaniwa. Nyuma ya picha halisi itumike penseli laini, ukingoni, bila kukandamiza. Kalamu ya wino hupenya hadi mbele.

Nne, picha ihifadhiwe ndani ya bahasha ya karatasi, mbali na unyevu na moshi wa jikoni. Gundi na karatasi za plastiki zinazonata huiharibu.

Tano, asili isitolewe wala kuuzwa kwa haraka. Kuna wakusanyaji wanaonunua picha na nishani za kijeshi. Picha ikishaondoka bila jina, uhusiano wake na familia hukatika, na inageuka tena kuwa kadi ya askari mwenyeji asiyejulikana.

Pa kuendelea na utafutaji

Mwenye jina au nambari anaweza kutafuta bila malipo katika orodha ya mtandaoni ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, inayotunza makaburi ya kijeshi ya kaunti hii. Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, barabara ya Moi jijini Nairobi, ina kumbukumbu za utawala wa kikoloni za wilaya. Picha nyingi za upande wa Wajerumani, zikiwemo za Walther Dobbertin aliyefanya kazi Tanzania ya leo, ziko katika hifadhi ya taifa ya Ujerumani na zinafaa kwa kulinganisha sare.

Orodha hiyo ya makaburi haijakamilika, na mwenye nayo amekiri. Ripoti ya Tume hiyo ya Aprili 2021 ilisema kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita vya Kwanza, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni mwezi huohuo. Tume hupokea maombi ya kuongeza majina ya waliosahauliwa, yakiwa na ushahidi. Picha peke yake haitoshi kuwa ushahidi. Lakini picha yenye jina, kikosi na simulizi iliyoandikwa vizuri ni mahali pa kuanzia, na watafiti wengi hawana hata hapo.

Atakayekosa kupata rekodi yoyote bado hajapoteza kazi yake. Mjukuu atakayefungua sanduku lilelile miaka thelathini ijayo ataigeuza picha, na nyuma yake atakuta jina limeandikwa kwa penseli.